Koplo Pimbi na Taarifa ya Lindo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walikwenda vitani, wakarudi, wakazeeka, palikuwa na nyumba juu ya kilima iliyoitwa Makao ya Askari Wazee. Sogeeni, watoto, na aliye nyuma asimsukume aliye mbele, maana kisa hiki kina wanyama wakubwa na nafasi tuliyo nayo ni ndogo.

Katika makao hayo aliishi Meja Tembo, ambaye masikio yake yalikuwa mapana kama milango lakini hasikii mpaka apigiwe kelele. Aliishi Kapteni Kifaru, ambaye macho yalikuwa yamemchoka, anaona ukungu tu, na kila asubuhi aligombana na kabati akidhani ni adui. Aliishi Sajenti Nyati, mzee mpole mwenye pembe nzito na maneno machache. Na katika kitanda cha pembeni, chini ya dirisha, aliishi Koplo Pimbi.

Huyu Pimbi alikuwa mdogo kiasi kwamba wasaidizi wakikusanya shuka za kufua, mara nyingine walimkusanya naye. Hakuwa na pembe, hakuwa na meno ya kutisha, hakuwa hata na mkia wa kufukuzia nzi. Vitani kazi yake ilikuwa kupiga tarumbeta, na vita vyote alivimaliza ndani ya mkoba wa Sajenti Nyati, amekalia vitunguu. Lakini ukimsikiliza mwenyewe, ungedhani majeshi yote mawili yalikuwa yakimsubiri yeye ndipo yaanze. Aliwahi kusimulia kwamba alimpiga chatu kwa kijiko. Alipoona wenzake wamecheka, siku iliyofuata chatu wakawa wawili.

Moyoni alijijua. Kila alipomaliza kusimulia, kitu ndani yake kilimnong'oneza, "Pimbi, wewe na vitunguu." Basi alikohoa kidogo na kuuliza kama chai iko tayari.

Msimamizi wa makao alikuwa Bi Kiboko. Tusimwonee, hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mpenda utulivu, na wasaidizi wake walimlilia kila siku kwamba wanataka kurudi makwao mapema. Akafikiri, akaona dawa ni wazee wawe wanalala alasiri, jua likiwa bado linawaka. Lakini nani atamsukuma Tembo kitandani? Walijaribu siku moja, watatu nyuma na wawili mbele. Tembo akadhani wanamkanda mgongo, akawashukuru sana na kuwaomba wateremke kidogo upande wa kiuno.

Ndipo Bi Kiboko akagundua jambo. Askari mzee anaweza kusahau alipoweka miwani, anaweza kusahau hata jina la jirani yake, lakini mlio wa tarumbeta hausahau. Akamwita Pimbi ofisini, akamvisha kilemba cha ukoka, akamkabidhi tarumbeta la shaba lenye utepe mwekundu pamoja na cheo: Mpiga Tarumbeta Mkuu wa Makao. Mpiga tarumbeta mwingine hakuwepo, kwa hiyo ukuu wenyewe ulikuwa ni ukuu juu yake mwenyewe. Pimbi hakuliona hilo. Alitoka pale kifua mbele, akalala na tarumbeta kama mtoto na mdoli wake.

Kuanzia hapo, kila alasiri Pimbi alipanda juu ya ukuta wa bustani, akavuta pumzi na kupiga wito wa kulala. Tuuu-tu-tuuu! Papo hapo wazee waliinuka. Aliyekuwa katikati ya hadithi aliiacha njiani. Meja Tembo aliwahi kwenda kulala na kipande cha muwa mdomoni, nusu ndani, nusu nje. Walijipanga, wakaenda, wakajifunika, nao wakakodolea macho dari iliyojaa mwanga wa jua.

"Kikosi kinanitii," Pimbi alijisemea, akautikisa utepe wake mwekundu.

Sasa, Sajenti Nyati alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Mashavu. Mashavu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka kule bondeni, anatoka jioni. Siku alipomleta baba yake makaoni alimwahidi kwamba atakuwa anakuja kumwona kila akipata nafasi. Nyati alisubiri. Kila siku alikaa kwenye benchi linaloelekea geti, na kila alasiri tarumbeta lilipolia aliinuka akaenda kulala. Wiki zikapita, binti hakuonekana.

Kwanza Nyati aliacha kuzungumza. Kisha akaacha kula. Mbavu zikaanza kuonekana kwenye ngozi ile iliyokuwa nene, na siku moja hakutoka kabisa kitandani. Pimbi alimpandia kifuani, akambembeleza anywe japo uji.

"Wape wengine, Koplo," alisema Nyati. "Mwanangu kanisahau. Sasa nile ili iweje?"

Pimbi alishuka kitandani. Mzee huyu ndiye aliyembeba mgongoni vita vyote, akavuka naye mito, hakuwahi kumtajia mtu habari ya vitunguu. Na leo anazimika mbele ya macho yake, naye hajui la kufanya.

Alasiri ile alipiga wito wake kama kawaida, wazee wakaenda kulala, naye akabaki juu ya ukuta anapangusa tarumbeta. Jua lilipoanza kuteremka akasikia sauti getini. Alikuwa Mashavu, vumbi la unga limemjaa hadi kwenye kope, amebeba mzigo wa majani mabichi ya mtoni. Ngiri, mlinzi wa geti, alimjibu bila hata kuinuka.

"Wazee wamelala, dada."

"Kila nikija amelala," alisema Mashavu. "Kaka, niambie ukweli. Baba hataki kuniona?"

Ngiri akasema yeye kazi yake ni geti, mambo ya kutaka na kutotaka hayajui. Mashavu akaweka majani chini, akasimama kidogo, akaondoka. Pimbi alimwita kwa nguvu zake zote. Lakini watoto, sauti ya pimbi bila tarumbeta haifiki hata mwisho wa ukuta. Na Ngiri, kabla Mashavu hajafika kwenye kona, alikwisha kuanza kuyatafuna yale majani.

Pimbi aliliangalia tarumbeta lake. Alikuwa amemtafuta adui wa rafiki yake kila pembe, kumbe adui ana utepe mwekundu na anajiita Mkuu. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Alikimbia ndani akamweleza Nyati kila kitu. Nyati alimsikiliza, akafumba macho.

"Ahsante kwa kunipa moyo," akasema. "Lakini wewe ndiwe uliyempiga chatu kwa kijiko, Koplo."

Chatu wote wawili walikuwa wamerudi kumng'ata Pimbi siku moja.

Kesho yake aliwaita wazee bustanini. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa hotuba ndefu kuhusu heshima ya askari. Hotuba hiyo Tembo hakuisikia na Kifaru aliielekezea mgongo, akidhani msemaji ni lile pipa la maji. Hata hivyo mambo yao waliyatoa. Tembo alisema anapewa ndoo moja ya kuogea, nayo inaishia kwenye goti. Kifaru alisema kila wiki wasaidizi wanahamisha kabati, wakimaliza wanamlaumu yeye kwa kuligonga. Na wote walisema kulala mchana kumewachosha kuliko vita. Wakakubaliana: Pimbi awe msemaji wao, maana sauti yake ni nyembamba na inapenya. Pimbi akavimba. Akauliza kama msemaji anaruhusiwa kuongezewa utepe.

Kila asubuhi Bi Kiboko alipita kwenye ukumbi na kuuliza swali lile lile. Wakapanga kwamba safari hii atajibiwa vizuri. Msemaji hakulala, alikuwa akifanya mazoezi ya maneno yake mbele ya kioo.

Bi Kiboko akaingia, dum, dum, dum, sakafu ikitetemeka. Akasimama katikati.

"Wazee wangu, kuna malalamiko?"

Visigino vikagongana. Vifua vikatoka mbele.

"Hakuna, afande!" waliitika wote kwa pamoja. Na sauti iliyosikika juu ya zote, nyembamba na yenye kupenya, ilikuwa ya msemaji.

Bi Kiboko alitabasamu akaenda zake. Wazee walitazamana. Msiwacheke sana, watoto. Tangu wakiwa kuruta, wamenyolewa upara na hawajui kushoto wala kulia, walifundishwa kwamba swali hilo lina jibu moja. Aliyejibu vingine alikimbizwa uwanjani na gunia la mchanga mgongoni mpaka malalamiko yamwishe. Kwao neno malalamiko lilikuwa ni jambo la mtoto anayetaka kubebwa, na hakuna askari anayekubali kuitwa hivyo.

Pimbi alijificha chini ya kitanda nusu siku. Msemaji! Ameshindwa hata kunyamaza vizuri. Alitoka tu kwa sababu njaa haina aibu, akaenda kukaa karibu na Tembo, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akamtania kwa sauti ya ukali ya zamani.

"Askari wa lindo! Toa taarifa!"

Tembo aliruka wima, mkonga pembeni, macho mbele. "Taarifa ya lindo, afande! Maji ya kuoga, ndoo moja. Sikio la kushoto halijaoshwa tangu mvua za masika. Uji umekuja baridi. Mlango wa choo haufungiki na askari anaonekana hadi barabarani. Mwisho wa taarifa!"

Pimbi alikaa chini taratibu. Mzee huyu huyu, asubuhi ile ile, alisema hakuna malalamiko. Lakini taarifa ya lindo si malalamiko. Askari aliyeficha jambo katika taarifa ya lindo ameliuza jeshi lake, na hilo nalo walifundishwa wakiwa kuruta. Pimbi akaanza kucheka peke yake, hihihi, mpaka Tembo akamuuliza kama amemeza kitu.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Kiboko. Akapiga saluti hadi akayumba.

Alisema wazee wanampenda msimamizi wao kupita kiasi, ila hawajui namna ya kumwonyesha. Wanaomba wampangie lindo la heshima alasiri hii, kama wanavyopangiwa majenerali. Bi Kiboko atapita kwenye kila lindo, atapigiwa saluti, basi.

"Lindo la heshima," alisema Bi Kiboko taratibu. "Kwa ajili yangu mimi?"

"Kwa nani mwingine, afande, mwenye umbo la kijenerali kama wewe?"

Bi Kiboko alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akaona kweli umbo lina ujenerali. Akaagiza aletewe kofia yake yenye unyoya.

Alasiri ikafika. Pimbi akapanda ukuta, lakini hakupiga wito wa kulala. Alipiga wito wa lindo, ambao makao yale hayakuwahi kuusikia. Ta-ta-ta-taaa! Ta-ta-ta-taaa! Kifaru alitoka mbio, akaligonga kabati, akaliomba radhi, akasimama kwenye mlango wa bweni. Tembo akashika lindo la kisimani. Pimbi aliutazama mlango wa ndani, roho mkononi. Akapiga tena, taratibu.

Sajenti Nyati akatokea. Alikuja akijishikiza ukutani, magoti yanagongana, lakini kichwa kiko juu. Pimbi alimwamuru ashike lindo la geti. Ngiri aliposikia kwamba amepata wa kumpokea hakuuliza kwa nini. Alitafuta kivuli.

Bi Kiboko akapita na kofia yake, akapigiwa saluti, akafurahi mno. Alipomaliza mzunguko akasema haya, vizuri sana, sasa walale.

"Haiwezekani, afande," alisema Pimbi. "Lindo haliondoki mpaka mkubwa apokee taarifa. Ni neno moja tu. Unasema: toa taarifa."

Bi Kiboko, akiwa bado na ladha ya ujenerali mdomoni, akasimama mbele ya Tembo na kusema, "Toa taarifa."

Tembo akatoa. Ndoo, sikio, uji, mlango wa choo, vyote. Unyoya wa kofia ukaanza kuinama. Bi Kiboko akaenda kwa Kifaru, akidhani huko kutakuwa na nafuu.

"Taarifa ya lindo, afande!" alisema Kifaru, akilitazama dirisha. "Kabati linahamishwa bila askari kuambiwa. Goti la kulia limevimba. Na tena, mpiga tarumbeta wa kikosi hiki anatulaza jua likiwa kichwani. Ama hajui saa, ama ametekwa na adui. Naomba achunguzwe. Mwisho wa taarifa!"

Pimbi, ambaye alikuwa akifuata nyuma akisubiri kusifiwa, alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameutengeneza mtego kwa akili zake zote, na wa kwanza kunaswa mguu ni yeye mwenyewe.

"Ni kweli, afande," alisema. "Mwenye tarumbeta ni mimi."

Bi Kiboko alikuwa ameduwaa. "Lakini wazee wangu, mbona hamkuniambia? Si nawauliza kila siku?"

"Uliuliza malalamiko, afande," alijibu Kifaru kwa mshangao wa kweli. "Hatuna malalamiko. Hii ni taarifa."

Bi Kiboko alivua kofia akajipepea nayo. Mambo yalikuwa mengi, wasaidizi walikuwa wamekwisha kubeba vikapu vyao vya kurudi nyumbani, naye akafanya anachofanya mkubwa aliyebanwa. Akaamuru.

"Tutazungumza kesho. Koplo, piga wito wa kulala."

Pimbi akaliinua tarumbeta. Akatazama getini, ambako Nyati alikuwa amesimama akitetemeka kwa udhaifu, na ng'ambo yake barabara ilikuwa tupu. Akalishusha.

"Siwezi, afande."

"Basi nirudishie tarumbeta langu. Na utepe, na cheo."

Watoto, msidhani ilikuwa rahisi. Bila tarumbeta lile Pimbi alikuwa ni pimbi tu, na hilo hakuna aliyelijua kumshinda yeye. Alilitazama, akalipangusa kwa kiganja mara ya mwisho, akalitoa.

Bi Kiboko akaliweka mdomoni apige mwenyewe. Tarumbeta lote lilipotelea kwenye lile domo, ukabaki utepe nje. Akapuliza. Pffrrrt! Wazee walitazama mbele bila kutikisika. Katika miaka yao yote ya jeshi hawakuwahi kufundishwa wito wa namna ile. Akapuliza tena, macho yakamtoka, na Tembo, ambaye safari hii alisikia, akasema kwa heshima kwamba kama afande ana gesi, majani ya mpera husaidia.

Basi ikabidi wasubiri, maana hakuna wa kuwatoa lindoni. Bi Kiboko akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wasaidizi wakatua vikapu. Jua likateremka kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu wafike pale wazee wakaliona likienda.

Ghafla sauti ikasikika getini.

"Simama! Nani wewe?"

Nyayo zilizokuwa zikikaribia zilisimama.

"Ni mimi, baba."

Sajenti Nyati aliyumba, akajishika kwenye nguzo. Lakini alikuwa lindoni, na lindoni askari hana mtoto wala ndugu.

"Neno la siri?"

"Sina neno la siri," alisema Mashavu, na sauti yake ikaanza kukatika. "Nina majani ya mtoni. Nimekuja nayo kila mara, baba. Kila mara naambiwa umelala. Nikajua umechukia kwa kuwa nimekuleta huku."

Nyati aligeuka polepole, akasimama wima mbele ya Bi Kiboko, na machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta, maana mikono ya askari inabaki ubavuni.

"Taarifa ya lindo, afande," alisema. "Geti hili limekuwa likifungwa usoni mwa binti yangu. Mimi niko ndani namlaumu yeye, yeye yuko nje anajilaumu. Na Koplo aliniambia, sikumwamini. Mwisho wa taarifa."

Bi Kiboko aliinuka kwenye ndoo. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akalivuta komeo kwa mikono yake, na geti likafunguka.

Mashavu aliingia. Baba yake hakuweza kumkumbatia, kwa kuwa hakuna aliyemtoa lindoni, basi yeye ndiye aliyemkumbatia, na vumbi lote la unga likahamia kwenye ngozi ya mzee. Kisha akamlisha yale majani, fungu kwa fungu, amesimama hivyo hivyo. Nyati alikula. Kifaru alikuwa akiuliza kila mtu, "Anakula? Niambieni, anakula?" na Tembo akamjibu kwa kelele iliyofika bondeni kwamba anakula.

Bi Kiboko alitangaza pale pale kwamba kuanzia kesho geti litakuwa wazi hadi magharibi, na asubuhi hatauliza tena malalamiko, atapokea taarifa. Wasaidizi waligunaguna, Kifaru akawageukia kwa pembe, wakaacha. Kisha Bi Kiboko alimrudishia Pimbi tarumbeta, likiwa limelowa, akamwomba kwa unyenyekevu awaondoe wazee lindoni.

Pimbi alilipokea, akalipangusa. Ndani yake hadithi mpya ilikuwa tayari inajipanga, yenye Pimbi mkubwa na viboko kadhaa. Lakini Mashavu alikuwa amemwinamia, akamwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba, huyu ni nani?"

Nyati alimaliza kutafuna kwanza.

"Huyu ndiye aliyekuwa akinilaza," alisema. "Na leo ndiye aliyeniamsha."

Pimbi akatafuta neno la kuongeza hapo, hakulipata, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiacha hadithi kama ilivyo. Nami naitua papo hapo, aliyeipenda aibebe, pamoja na funzo lake: anayetaka kuwa sauti ya wenzake, kwanza awatafutie namna ya kusema wenyewe.